Je, Ajali Haina Kinga?

Liko neno moja tulisikialo kila mahali penye msiba wa njiani. Motokaa imepinduka, au pikipiki imemgonga mtoto, watu wakiisha kukusanyika, mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Wengine huitikia, na shauri huisha hapo. Neno hilo huwatuliza wenye huzuni, wala mimi silichukii. Lakini yafaa tujiulize, Je, ni kweli?

Siulizi kama mtu asimamaye mbali. Nilipokuwa kijana, mwalimu katika milima ya Usambara, nalikuwa na baisikeli. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika, na raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hata chuma kikaonekana. Hayo nilikuwa nimeyajua kwa muda wa majuma matatu. Fedha za kununua raba nalikuwa nazo, lakini nilinunua kwanza kengele mpya, kwa kuwa ilikuwa ikimetameta. Nikiteremka mlima nilizoea kuburuta kiatu changu chini ili kupunguza mwendo.

Siku moja, nikishuka kwenda Soni, nilimkuta penye kona bibi mmoja aliyejitwika mzigo wa kuni. Nikapiga kengele. Bibi akageuka, lakini mzigo ulimzuia kuondoka upesi, nami sikuweza kusimama. Nikamwangusha, na mkono wake ukavunjika. Watu wakaja mbio, wakampeleka kutibiwa, na kwa kuwa nalikuwa mwalimu, wengi walinipa pole mimi, wakasema, "Ajali haina kinga, mwalimu." Nami nikaitika, "Kweli, haina." Mjukuu wa bibi yule, mtoto wa miaka kama minane, alikuwa akiitazama baisikeli iliyolala chini. Akauliza, "Mwalimu, breki yake ni nzima?" Nikamwambia anyamaze, watu wazima wanazungumza.

Swali la mtoto yule ndilo nitakalo kulijibu leo.

Kwanza, tuliangalie neno lenyewe. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kufa. Kwa maana hiyo methali yetu ni ya kweli kabisa, maana hakuna mali, wala dawa, wala cheo, kiwezacho kuizuia saa ile. Ni neno la kumnyenyekeza mtu. Bali sisi tumelitwaa neno la mauti tukalitia katika habari ya raba zilizolika. Na lile lililokuwa la kutunyenyekeza tumeligeuza kuwa udhuru.

Pili, tuangalie chombo. Breki husimamisha gurudumu kwa kusuguana nalo, na mwendo wote hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu mwisho wa mteremko mrefu breki huwa za moto. Nacho kisuguanacho hulika. Hakuna breki ya namna hiyo isiyolika. Lakini hailiki kwa siku moja. Hulika kidogo kidogo, nayo hutupa siku nyingi za kuiona. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa Carl Benz aliyeunda motokaa huko Ujerumani, alisafiri kwa motokaa hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilometa kama 100. Wakati ule motokaa ilikuwa kitu kigeni, wala hapakuwa na fundi wa motokaa njiani. Hata hivyo, mbao za breki zilipolika katika miteremko, mama yule hakusema kwamba safari ina bahati yake. Alimwendea fundi viatu, akampigilia ngozi juu ya mbao zile, kisha akaendelea na safari.

Tena tufikiri juu ya mwendo. Motokaa iendayo kilometa 60 kwa saa hupita meta kama 17 katika sekunde moja, na sekunde hiyo huweza kupita kabla mguu wa dereva haujaikanyaga breki. Na mtu akizidisha mwendo mara mbili, umbali unaohitajiwa na breki ili kusimamisha gari hauzidi mara mbili tu, bali mara nne. Hayo hayategemei bahati ya mtu. Ni kawaida ya vitu vyote viendavyo, kwa tajiri na kwa maskini, kwa mwema na kwa mwovu.

Mwaka 1896, tarehe 17 Agosti, mwanamke mmoja jina lake Bridget Driscoll aligongwa na motokaa huko London, akafa. Baraza lililochunguza kifo chake likatoa hukumu kwamba ni ajali. Labda watu wale walikuwa na udhuru, maana jambo lilikuwa jipya kwao. Lakini sisi je? Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa kwa misiba ya barabarani. Jambo litokealo mara nyingi namna hii haliwezi kuitwa jipya.

Tatu, tuulize habari ya hatia. Torati, katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, yasema habari ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe hata akafa. Kama mwenye ng'ombe hakujua tabia ya mnyama wake, yeye hana hatia. Lakini kama alikuwa amekwisha kuonywa, naye hakumzuia, damu ile ni juu yake. Ng'ombe ni yuleyule, na pembe ni zilezile. Kilichowatenga watu hawa wawili ni kujua.

Wako watakaosema, "Mwalimu, wamtwika mtu mzigo usiochukulika. Mti ukianguka ghafula juu ya gari, dereva alijuaje?" Nami nasema, hakujua, na asihukumiwe. Huyo tumpe pole kwa moyo wote. Mambo mengi yamezidi akili na nguvu za mtu. Kwa sababu hiyohiyo yafaa tusiyachanganye na yale tunayoyaweza. Maswali ni mawili tu: Je, nilijua? Je, niliweza kutengeneza? Ajibuye ndiyo kwa yote mawili, asijifiche nyuma ya methali.

Wala tusidhani kwamba neno hili lawahusu madereva peke yao. Abiria amwambiaye kijana wa bodaboda, "Ongeza mwendo, nimechelewa," ameweka mkono wake katika jambo lile. Kadhalika wazee wa usharika wakodishao lori bovu kuwapeleka wanakwaya, kwa kuwa bei yake ni rahisi. Aliyejua akanyamaza ni mshiriki wa yule aliyejua akaendesha.

Baada ya miezi miwili nilikwenda nyumbani kwa yule bibi. Mkono wake ulikuwa umeunga, ila haukunyoka vema. Nikamwambia, "Bibi, siku ile sikuwa na breki, nami nalijua." Akanitazama, akasema, "Najua, mjukuu wangu. Nalikuona ukiburuta kiatu. Mwenye breki haburuti kiatu. Nalikuwa nikingoja uje uniambie." Kisha akanipa kiti, akaniletea viazi, tukala. Mtoto alikuwapo mlangoni. Nikamwita, nikamwambia, "Uliuliza kama breki ilikuwa nzima. Haikuwa nzima." Akaitika kwa kichwa, akaenda zake kucheza.

Basi, ndugu zangu, tukienda penye msiba, tuwafariji wenye huzuni, wala tusiwe wepesi wa kuhukumu. Lakini kila mtu mwenye chombo, kiwe baisikeli au motokaa, kesho asubuhi kabla ya kutoka ainame kidogo azitazame breki zake. Nazo zikiwa zimelika, asinunue kengele.