Mzigo Hauishi, Huhama

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo inapanda karibu mita 1,000. Abiria wa basi huisifu kwa mandhari. Mwenye baiskeli na kilo 50 za sukari kwenye karia huijua kwa mapaja yake.

Ujanani nilikuwa miongoni mwa wenye baiskeli hao. Nilishuka na kabichi na karoti, nikapanda na sukari, chumvi na unga wa maduka ya Soni, iliyo kwenye barabara hiyo hiyo. Baiskeli yangu ilikuwa ile ya kawaida ya gia moja, gurudumu la inchi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu, nawe umesogea mita tano na nusu hivi. Kwenye tambarare ni raha. Mlimani ni kung'oa kisiki kwa miguu. Kwa hiyo sote tulishuka tukasukuma, na mimi kusukuma nilikuona aibu.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo mzee. Nataka baiskeli ipande mpaka juu bila mimi kushuka. Niwekee gia nyepesi kabisa."

"Marahaba." Akaipindua baiskeli, akahesabu meno kwa ncha ya spana. "Mwanangu, mbele tuweke 32, nyuma tuweke friwili ya 22. Itakutosha. Kwenye kona kali utashuka, utasukuma kidogo, utapanda tena."

"Na mbele tukiweka 22?"

"Itapanda hata ukuta. Lakini mzigo hauishi, huhama. Ukiutoa mguuni, uliza umekwenda kwa nani."

Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Niliona ananiuzia sproketi mbili wakati mimi nina fedha ya moja na nusu. Friwili ya 22 nikainunua. Sproketi ya mbele nikaipata kwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea: aliing'oa kwenye baiskeli chakavu ya gia nyingi, meno 22, membamba kuliko cheni yangu pana, akaichomelea kwenye mkono wa pedeli. Jioni ile ile nilipanda mlima nikiwa nimekaa, wenzangu wakinitazama kwa macho ya kutamani.

Wiki ya kwanza nilijiona mfalme wa barabara. Dalili zilikuwepo, nami nikazipa majina mengine. Cheni ilianza kulegea. Nikasema bado haijaizoea sproketi mpya. Gurudumu la nyuma lilivutwa upande, tairi likakwaruza fremu; nikakaza nati nikaendelea. Na jambo moja sikutaka hata kulipigia hesabu: meno 22 kwa 22 ni mzunguko mmoja kwa mmoja, yaani mita 2 na robo kwa kila pedeli. Kwa mizunguko 40 kwa dakika, nilikuwa nakwenda kilomita 5 na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Wenzangu waliosukuma walikuwa ubavuni mwangu muda wote, na wao hawakuwa wanayumba.

Sasa nieleze mzigo ulikohamia. Mkono wa pedeli ni wenzo. Sproketi ya mbele ikiwa ndogo, wenzo huo huivuta cheni kwa nguvu kubwa zaidi. Chukua mkono wa milimita 170, na mtu wa kilo 60 amesimama juu ya pedeli. Kwa meno 44, cheni huvutwa kama iliyoning'inizwa kilo 115 hivi. Kwa meno 32, karibu kilo 160. Kwa meno 22, karibu kilo 230. Na kwa kuwa cheni hukumbatia takriban nusu ya sproketi, meno yanayoupokea mvuto huo ni kama 11, badala ya 22 ya awali. Mvuto maradufu, wapokeaji nusu.

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, kwa heshima ya wapagazi waliobeba shehena kutoka bara hadi pwani. Mimi wangu niliupa cheni iliyochoka na mchomeleo wa dakika kumi.

Siku ya tisa, kona chache kabla ya Soni, nilisimama juu ya pedeli kwa uzito wangu wote. Cheni ikaruka meno. Mguu ukaenda chini bila kukutana na kitu, goti likapiga usukani, baiskeli ikarudi nyuma na kilo zake 50. Mfuko ulipasuka, sukari ikamwagika mtaroni. Deni la sukari ile nililipa miezi miwili, na goti huniuma mpaka leo msimu wa baridi.

Baadaye nilijifunza kwamba hata mabingwa walisukuma. Mbio za Tour de France zilipopita mlima Tourmalet kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, waendeshaji wengi walishuka wakatembea. Baadhi yao walikuwa na sproketi mbili kwenye gurudumu la nyuma, moja kila upande: wakifika chini ya mlima walilifungua gurudumu na kuligeuza. Mitambo ya kubadili gia haikuruhusiwa katika mbio hizo mpaka mwaka 1937. Kushuka hakukuwapunguzia ubingwa.

Nilirudi kwa yule mzee nikichechemea. Hakunikemea. Alifunga 32 mbele, akainyoosha cheni ili sproketi zote mbili zitazamane sawasawa, akakaza nati za ekseli, kisha akanionyesha niivute cheni kwa kidole nione inavyocheza. Alisema wepesi utafutwe kwanza nyuma, kwa kuongeza meno, kwa maana huko cheni haiongezewi mvuto. Mbele upunguze kwa kiasi, na ukiishiwa kiasi, shuka.

Leo vijana huja kwangu na ombi lile lile nililolipeleka kwake. Nikiisha kuhesabu meno, huwauliza: mzigo utampa nani? Nami nikipanda kwenda Soni, kwenye kona ile nashuka na kusukuma hatua mia mbili.