Subira ya Kishikwambi

Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na mara nyingi watoto walizidi 80 chumbani. Mmoja wao kila alipofika kwenye silabi "mba" alikwama. Siku moja nilichoka, nikamsimamisha mbele ya wenzake mpaka kengele ilipolia. Tangu siku hiyo hakufumbua tena kinywa darasani.

Nilimkumbuka niliposikia habari za majaribio yaliyoanza mkoani Tanga mwaka 2017. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170, wengi wao hawajapata kukanyaga shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kwa miezi 15 walijisomea wenyewe, bila mwalimu. Mwanzoni, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Walimu wenzangu husema mashine haina moyo. Kweli haina. Lakini humrudishia mtoto silabi ile ile mara ya hamsini kwa sauti ile ile, wala haitazami saa. Je, hiyo ni subira? Subira, nijuavyo mimi, ni kuizuia hasira iliyokwisha kupanda. Kisichopandwa na hasira hakina cha kuzuia, basi sifa hiyo hakistahili. Hata hivyo, mtoto hakuja shuleni kutafuta sifa zangu; alikuja kusoma. Kwake yeye, kitu kisichojua kudharau chaweza kuwa bora kuliko mtu mwema aliyechoka. Jambo hili linaniuma, na sina hoja ya kulikanusha.

Ninachokishika ni kimoja tu. Miongoni mwa watoto wale wa Tanga wapo waliomaliza miezi 15 bila kujua neno, na hakuna kishikwambi kitakachokosa usingizi kwa ajili yao. Hakiwezi kuulizwa, "Mtoto huyu ulimfanya nini?" Mimi naweza kuulizwa.

Yule wa "mba" sasa ni mtu mzima mwenye duka. Majuzi nilikwenda kwake kukopa sukari.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akiinuka.

"Marahaba."

Alinipimia kilo moja, kisha akalitoa daftari la madeni na kumwita binti yake atoke ndani, aje aniandike jina. Nilisimama pale, sukari mkononi, nikiyatafuta maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Binti akaniuliza jina langu huandikwaje. Nikamtajia, silabi moja moja.