Nia ya Aliyekwama na Hisa

Serikali ya Kenya ilipouza kwa umma robo ya kampuni ya simu ya Safaricom mwaka 2008, kwa shilingi 5 kila hisa, homa ile haikuisaza hata miji ya ziwani kama Kendu Bay, na wengi walikopa benki kwa azma moja tu: kuuza siku za mwanzo, kulipa deni na kubaki na faida. Bei ilianza kwa kupanda mwezi Juni. Kisha Septemba ikaanguka benki ya Lehman Brothers huko Marekani, masoko ya dunia yakatikisika, na kabla ya mwaka kwisha hisa ilikuwa chini ya ile bei ya kununulia.

Wako wasemao kwamba kosa la watu hawa lilikuwa haraka, kwamba kununua ili kuuza upesi ni kamari. Sikubaliani nao. Mchuuzi wa Kendu Bay hununua omena alfajiri ufuoni, huzianika juu ya neti, na jua likiwa kali, jioni huziuza kwa gorogoro, wala sijamsikia fakihi aliyemwita mcheza kamari. Walichokataza mafakihi ni kumuuza samaki angali majini, ilhali hisa iliyosajiliwa ni milki halisi ya mwenyewe. Riba ya mkopo ina hukumu yake, nayo haihitaji maneno mengi.

Linalonishughulisha ni zaka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wetu wengi, mali iliyonunuliwa ili iuzwe hutolewa zaka kila mwaka kwa bei ya soko, sehemu 1 katika 40, ikitimia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka. Na anayenuia kwa dhati kuiweka isiwe tena ya kuuza, hukumu ya biashara humwondokea. Basi yule aliyekusudia kuuza wiki ileile, bei ikamfunga, akaziacha hisa zikae, je, amebadili nia au ameshindwa tu? Naona kukata tamaa si nia. Madhali angali akiulizia bei kila apitapo kwa wakala, yeye ni mfanyabiashara, apende asipende. Katika madhehebu mengine, Imamu Malik alimrahisishia mwenye kungoja bei ipande, atoe mara moja siku ya kuuza. Lakini si insafu mtu kuhamia madhehebu kwa kufuata bei.

Mwaka 2021 hisa ilipita shilingi 40, na waliokwama wakaanza kujisifu kwa subira. Faida ni yao kihalali, ila zaka ya miaka yote iliyopita wangali wakidaiwa. Ile miaka ya bei duni, walau, hesabu yake itawawia nyepesi.