Namba Isiyozaa

Shuleni tulizikariri namba tasa bila kushtuka, ingawa mtaani neno hilohilo humvunja mtu moyo. Na jina lenyewe limekosea. 2, 3, 5, 7 na wenzao ndio wazazi: kila namba nzima iliyozidi 1 ama ni tasa, ama imezaliwa kwa kuzidisha tasa. Wasichonacho ni wazazi.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa St Petersburg na karibu kipofu kabisa, alithibitisha kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Hakujaribu kila kigawanyo. Alionyesha kwamba kigawanyo chochote cha namba hiyo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, na majaribio yakapungua hadi yasiyozidi 372. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa namba kamilifu inayojengwa juu ya tasa hiyo huenda isipatikane kubwa zaidi yake. Vitu hivi vinastaajabisha tu, havina faida. Nani ataendelea kuvitafuta? Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha tasa yenye tarakimu 39.

Watetezi humjibu Barlow kwamba faida ilikuja: leo siri za benki mtandaoni hulindwa kwa namba tasa. Ni kweli, ila tasa za kazi hiyo zina tarakimu mia kadhaa. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya Mmarekani Luke Durant, yenye tarakimu 41,024,320, iliyosakwa kwa kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17. Hiyo haitafunga siri ya mtu. Kwanza, sote tunaijua.

Basi utetezi ule unanikera. Ni wa wakwe wanaomvumilia mke wa mtoto wao kwa sababu mjukuu huenda bado yuko njiani. Mjukuu asipokuja, je?

Kuna hoja nzito kuliko ya Barlow: umeme. Euler alitumia wino na subira. Durant alitumia mitambo ambayo umeme wake ungewasha taa za zahanati nyingi. Siwezi kuipuuza, nimekaa gizani mara nyingi mno. Lakini hoja hiyo inauliza tutumie kiasi gani, na hapo nakubali pawepo mpaka. Haisemi kwamba kujua kusikozaa ni aibu.

Juzi nilitaka kujua tarakimu ya mwisho ya namba ya Durant. Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Vipeo vya 2 huishia na 2, 4, 8, 6, kisha hurudi mwanzo. Ukigawa 136,279,841 kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo kipeo kinaishia na 2. Toa 1, unapata 1. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti ya luku, dakika mbili hivi. Mpaka sasa sijapata pa kuitumia.