Rangi Iliyochujuka na Ukweli wa Picha

Swali la iwapo kitu hubaki kilekile baada ya maada yake kubadilika ni la kale katika falsafa, lakini katika maabara za makumbusho limekuwa kazi ya kila siku, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha nyingi za kale imeundwa kwa maada ogania, yaani vitu vyenye asili ya mimea na wanyama: mafuta ya mbegu za kitani, kiini cha yai, gundi ya ngozi, utomvu wa miti, na rangi zitokanazo na mizizi au wadudu. Vitu hivyo vilitoka kwa viumbe hai, navyo havikomi kubadilika kwa sababu tu vimepakwa juu ya turubai.

Mwaka 1883 mchoraji Pierre-Auguste Renoir alimchora Bi. Léon Clapisson katika picha iliyomo sasa katika makumbusho ya Art Institute of Chicago, na kwa miaka mingi watazamaji waliona nyuma ya mwanamke huyo ukungu baridi wa kijivu na buluu. Picha ilipotolewa kwenye fremu, ukingo wake uliokuwa umefichwa usipate mwanga ulionekana bado una wekundu mkali. Wanasayansi walichukua punje ndogo sana ya rangi, wakaigusanisha na chembechembe za madini ya fedha na kuimulika kwa leza, kwa kuwa kila molekuli hutawanya mwanga kwa namna yake na fedha huzidisha mtawanyiko huo hadi uweze kupimika. Jibu lilikuwa kochinili, rangi ya mdudu anayeishi kwenye mpungate wa Amerika, ambayo mwanga huivunja polepole. Kutokana na ujuzi huo ilitengenezwa kwa kompyuta taswira ya picha ilivyokuwa, ikaonyeshwa mwaka 2014, na turubai yenyewe haikuguswa.

Basi picha ya kweli ni ipi? Anayesema ni ile iliyotoka mkononi mwa mchoraji analazimika kukubali kwamba picha hiyo haipo tena popote, na kwamba taswira ya kompyuta, ambayo Renoir hakuipaka hata mstari mmoja, ni ya kweli kuliko turubai yake. Anayesema ni hii iliyopo naye humsifu Renoir kwa ubaridi ambao ni kazi ya mwanga, na hilo ni kumdhulumu. Cesare Brandi, mwanafalsafa wa Italia aliyechapisha nadharia yake ya urekebishaji wa kazi za sanaa mwaka 1963, alishikilia kwamba kazi hiyo ina madai mawili, la uzuri na la historia, na kwamba mrekebishaji hana ruhusa ya kughushi wala ya kufuta njia ambayo kazi imepita katika wakati. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu picha si mwonekano peke yake. Ni tendo la mtu fulani lililoachwa ndani ya maada, na tendo halirudiwi na mkono mwingine.

Ugumu wa hoja hiyo ulionekana katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambako michoro mikubwa ya mchoraji Mark Rothko, iliyotundikwa mwaka 1964 katika chumba cha kulia chenye jua kali, ilichujuka kwa sababu ya rangi nyekundu ya viwandani iitwayo litholi, nayo ni ogania pia kwa maana ya kikemia. Katika maonyesho yaliyoanza mwaka 2014 michoro hiyo ilimulikwa kwa projekta iliyorudisha rangi iliyopotea, nukta kwa nukta, bila kuigusa, na kila siku saa kumi alasiri mwanga huo ulizimwa. Kuzimwa huko ndiko kulikoifanya mbinu hiyo iwe ya haki, kwa kuwa bila saa hiyo mtazamaji angeamini kwamba wekundu ule umo katika turubai, ilhali yaliyomo ni mabaki yake tu, na ujuzi wa mkemia ndio unaoyatofautisha mambo hayo mawili.