Daktari wa Miaka Mitatu

Sikukuu iliyopita tulikusanyika kwa dada yangu, na kabla sinia la pilau halijaisha ukazuka ubishi. Binti yake, aliyemaliza digrii ya kwanza hapa Marekani, alituambia anataka kuomba chuo kinachofundisha udaktari kwa miaka mitatu badala ya minne, awe daktari wa familia. Mama yake akaacha kula. "Mwanangu, mimi nimetunza wazee wa watu usiku na mchana ili wewe uwe daktari wa haraka haraka?" Binti akajibu kwa adabu, "Mama, na wagonjwa wanaosubiri je?" Nami, kwa kuwa ni mjomba, nikatakiwa niamue. Siku ile nilishindwa. Leo najaribu.

Kwanza tujue kinachobishaniwa. Hapa mwanafunzi husoma digrii ya kwanza miaka minne, chuo cha udaktari miaka minne, kisha hufanya mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambayo kwa daktari wa familia ni miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, kilitangaza njia fupi mwaka 2010. Kilichopunguzwa ni hasa likizo za kiangazi na mwaka wa nne, ambao wengi huutumia kwa masomo ya kuchagua na kusafiri kwenye usaili. Miaka mitatu ya ubingwa haikuguswa, na gharama ya chuo ilitangazwa kuwa karibu nusu.

Wala si jambo geni. Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, kimefundisha udaktari kwa miaka mitatu tangu 1969. Vyuo vingi vya Marekani navyo vilijaribu miaka ya 1970 kwa fedha za serikali. Fedha zilipokwisha, vingi viliacha. Walimu na wanafunzi walikuwa wamechoka.

Dada anasema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini wahenga haohao walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Texas ina kaunti zisizo na daktari hata mmoja. Mgonjwa wa huko hachagui kati ya daktari wa miaka mitatu na wa minne. Anachagua kati ya daktari na safari ndefu.

Nikamkumbusha dada jambo moja. Binti huyuhuyu alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya, kwetu Tanzania. Aliyeshika kisu usiku ule alikuwa daktari msaidizi, kada iliyofunzwa nchini tangu miaka ya 1960 ili kuziba pengo la madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya upasuaji wao wa uzazi na ule wa madaktari wenye digrii. Hatukumuuliza alisoma miaka mingapi. Tulimshukuru kwamba yupo.

Hata hivyo, dada ana haki katika mambo mawili. La kwanza: njia fupi isiwe chakula cha maskini, huku wenye nacho wakibakiwa na daktari aliyeiva. Wanaoipanga wajiulize kama wangemlaza mama yao mbele ya mhitimu wao. La pili ni deni. Kijana wa miaka 22 akiahidi kuwa daktari wa familia kwa sababu tu njia nyingine ni ghali, uchaguzi wake una walakini. Mlango wa kurudi kwenye miaka minne lazima ubaki wazi, bila aibu.

Basi uamuzi wangu ni huu. Tusihesabu miaka, tutazame kilichokatwa. Likizo ikikatwa, kijana atachoka, lakini mgonjwa hatadhurika. Ila ikikatwa ile saa ya kusimama kando ya kitanda, mwanafunzi anakosea na mwalimu anamsahihisha, hapo tumemwibia mgonjwa, hata kama chuo ni cha miaka saba.

Nilimpigia simu dada nikamweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, aombe. Lakini muulize huko chuoni, nani atakuwa naye usiku wa kwanza atakapoachiwa mgonjwa?"

Swali hilo nimelipeleka kwa mpwa wangu, naye ameliandika kwenye orodha ya maswali yake ya usaili. Nanyi wenzangu mlioko ughaibuni, wanenu wakiwajia na habari kama hii, mtawajibuje?