Mlima Unaoanza kwa Mteremko

Kilimatinde imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa magharibi, katika Wilaya ya Manyoni mkoani Singida. Ardhi inakwenda tambarare, inakwenda, halafu inakatika. Anayesimama pale huona vilele vya mibuyu vikiwa chini ya nyayo zake, na mbele yake uwanda unaoelekea Bahi umetandaa mpaka upeo wa macho. Huko ndiko Mto Bubu unakomwaga maji yake. Mvua zikiwa nzuri panakuwa ziwa lenye wavuvi. Kiangazi kikikaza hubaki nyasi na tope lililopasuka, kwa kuwa maji yale hayana mlango wa kutokea isipokuwa kupaa angani.

Anayetaka matembezi ya siku moja, si mepesi sana wala si ya kuvunja magoti, hapa hukosa theluji tu. Ulaya watu hufunga safari kwenda Lac Blanc, ziwa lililo juu ya mji wa Chamonix nchini Ufaransa, mita 2,352 kutoka usawa wa bahari. Wakipanda gari la kebo hadi La Flégère hubakiwa na mita 475 za kumaliza kwa miguu, kisha hukaa jiweni na kuitazama Mont Blanc. Wakenya wana Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, ambako mtu huvaa sweta mchana kweupe. Kote huko mpango ni ule ule: unapanda asubuhi mwili ukiwa bado na nguvu, unafika ziwani, unarudi ukiteremka. Mlima hutoza ushuru wake langoni. Kilimatinde humtoza mtu anapotoka.

Hapo ndipo vijana wengi hukosea hesabu. Saa moja asubuhi wanacheka: twende tu, si tunashuka! Na kweli wanashuka, kokoto zikiwasukuma kwa nyuma, upepo mwanana, picha za simu kila kona. Saa tano wako chini, chupa za maji zimebaki nusu, na mtu anageuka kuutazama ukingo alikotoka. Sasa umekuwa ukuta. Jua la Ugogo linakaribia utosi.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Ukingo huu una kimo cha mita mia mbili tatu hivi, kwa hiyo kwa hesabu yake ni nusu saa ya nyongeza, basi. Lakini Naismith alikuwa akitembea Uskoti. Hakuwa akiifikiria Oktoba ya Manyoni, migunga imepukutika, na kivuli cha pekee ni cha shina la mbuyu. Mwenye akili huizidisha ile nusu saa mara tatu na asimwambie mtu.

Wapagazi waliyajua haya mapema. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori ambalo Burton na Speke walilivuka mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Siku haikupangwa kwa umbali, ilipangwa kwa maji. Watemi wa Kigogo nao walilijua hilo, wakatoza hongo, maana aliyeshika kisima ameshika njia. Pale maji yalipokuwa mbali kuliko mwendo wa asubuhi moja, msafara ulikwenda terekeza: walipika mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri jua likilegea, wakalala porini bila maji na kuyafikia kesho yake asubuhi. Watu waliobeba pembe za ndovu mabegani hawakuona haya kukaa kivulini saa sita. Kijana mwenye begi la mgongoni anaona haya ya nini?

Begi lenyewe lisiwe na mengi. Lita tatu za maji kwa kila kichwa, na moja kati ya hizo isiguswe mpaka mtu ameshalipa bonde kisogo. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga zenye chumvi, na konzi ya ubuyu wa kumung'unya njiani. Ile chachu yake huamsha mate kinywa kikikauka. Miguuni, wafugaji huvaa katambuga za tairi, na wana sababu: mwiba wa mgunga hupenya soli laini ya raba kama haipo.

Halafu kuna giza. Chamonix mwezi Julai mtu huchelewa akarudi saa tatu usiku na bado anaiona njia. Hapa jua huzama mnamo saa moja, mwaka mzima, wala halimsubiri aliyekaa kupiga soga.

Na kikundi kipangiwe mwendo wa yule wa mwisho. Kuna mama anayepandisha mtoto mgonjwa kutoka bondeni kwenda hospitali ya Kanisa Anglikana iliyoko Kilimatinde, wala haiiti safari yake matembezi. Kuna mtumishi wa ofisini Dodoma ambaye ngazi za ghorofa mbili humtoa jasho. Wawili hawa wakiambiwa njia ni ya wastani, kila mmoja ataelewa lake.

Atakayeshindwa ashindwe kwa amani. Hata reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikuuparamia ukingo hapa; ilizunguka na kupanda kidogo kidogo kupitia Saranda. Mtembezi naye anaweza kumwomba mtu wa bodaboda amfuate chini alasiri. Bei tu wapatane asubuhi, angali na nguvu za kubishana.